Koni ya Pande Sita

Jochen Mättig ana masharubu ya kuonewa wivu na kichwa kigumu kuliko kokoto za reli, na mimi nimeamini siku nyingi kwamba hicho kichwa ndicho kinachoyarutubisha hayo masharubu. Bustani yake na yangu zinapakana, kwenye zile bustani za ushirika nyuma ya reli hapa Görlitz, mashariki ya Ujerumani. Mimi naitwa Roswitha. Nimekata nywele za mji huu mpaka vidole vikapinda. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kiwanda cha mabehewa. Nilimjua kabla hajaoa, nikamjua alipooa, nikamjua alipoachwa. Nikimwita mpumbavu nina haki ya kumwita, maana nampenda kama kaka, na hakuna mpumbavu anayeudhi kama yule umpendaye.

Alizaa mtoto mmoja tu, Ilka. Ukuta wa Berlin ulipoanguka kiwanda kikapunguza watu, na Jochen akaenda Ujerumani ya Magharibi kama wanaume wengine wa mtaa wetu. Akapata kazi huko Hesse, akawa analala kwenye kibanda cha wafanyakazi na kurudi nyumbani mwisho wa wiki anapoweza. Mwaka huohuo Ilka alikuwa anaanza shule.

Sasa kwetu Saxony mtoto haanzi shule hivihivi. Siku hiyo ni kubwa karibu na arusi. Shangazi na wajomba wanatoka mbali, keki zinaokwa, saladi ya viazi inatengenezwa kwa ndoo. Na mtoto anapewa koni yake: bomba la karatasi ngumu, jembamba chini na pana juu, limejaa chokoleti, pipi na penseli za rangi, mdomoni limefungwa kwa utepe. Ya kwetu ina pande sita na inamfikia mtoto kifuani. Watoto huambiwa inaota juu ya mti, na ikishaiva ujue na wewe umeiva kwenda shule. Wazazi huzipeleka shuleni mapema, zinatundikwa kwenye mti wa uani, kisha mwalimu anaita jina moja moja, mtoto anakwenda kupokea ya kwake huku ukoo mzima unapiga makofi.

Jochen alimwahidi binti yake, "Ya kwako nitaileta mimi, kutoka Magharibi. Itakuwa na chokoleti ambazo hata mwalimu wako hajawahi kuziota." Ilka akatangaza mtaa mzima. Hata muuza mkate alijua.

Mwaka ule kila kitu chetu kilikuwa kimegeuzwa kuwa cha Magharibi. Fedha, sheria, vibao vya magari, mpaka harufu ya sabuni. Jochen akawauliza wenzake wa kazini watoto huanza shule siku gani, wakamjibu Jumanne. Kwao Hesse ni Jumanne kweli. Basi naye akashika Jumanne. Simu nyumbani hatukuwa nayo, na mkewe Sigrun hakudhani kama kuna haja ya kumwambia Msaxony kwamba sherehe ni Jumamosi. Imekuwa Jumamosi tangu enzi za bibi yangu.

Nilikuwepo uani siku ile. Mwalimu aliita watoto wote mpaka mti ukabaki matawi matupu, na Ilka bado amesimama, gauni jeupe, mikono ameinyoosha mbele kidogo kama mtu anayesubiri kutwishwa kuni. Mwalimu akamletea koni ndogo ya akiba, ya darasani. Ilka aliitazama, akaweka mikono mgongoni. Picha ya darasa ipo mpaka leo: watoto wote wamekumbatia koni, yeye amesimama wima kama askari, mikono mitupu.

Jochen aliingia Jumatatu jioni akipiga honi kuanzia kona ya mtaa, ameshika koni fupi ya mviringo, ya Kimagharibi. Sigrun alipomweleza, unadhani aliomba radhi? Alisimama mlangoni mbele ya mtoto akasema, "Nani anaanza shule Jumamosi?"

Hilo neno ndilo lililomchoma Ilka, siyo koni. Aliniambia mwenyewe alipokuwa mkubwa.

Ndoa ilivunjika baadaye kidogo kidogo. Ilka alikua, akaenda zake Hannover, akawa mpimaji wa ardhi, akaolewa na kuachika. Baba yake alimpigia simu Krismasi na siku ya kuzaliwa, wakaulizana hali ya hewa. Akazaliwa Merle, na Jochen akamwona yule mtoto mara chache, kila mara amekaa kwenye ukingo wa kiti na koti mwilini. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwambia vua koti.

Kisha, majira ya baridi ya mwaka jana, alikuja mpaka kwenye uzio wetu ameshika mkasi wa kupogolea.

"Ilka kapiga," akasema. "Kapiga mwenyewe. Merle anaanza shule mwezi wa nane. Kasema koni niilete mimi."

"Kasema hivyo?"

"Kasema, 'Baba, kama unataka, koni uilete wewe.' Roswitha, kasema 'Baba'!"

Nililia, sioni aibu kusema. Tulifungua bia palepale kwenye theluji kama wendawazimu wawili.

Akaitengeneza kwa mikono yake. Wiki nyingi nilimwona kwenye kibanda chake cha bustani akikata karatasi ngumu, akipinda kingo, akibandika. Pande sita, rangi ya buluu ya usiku, na ubavuni kalunguyeye wa kitambaa mwenye miiba ya uzi, kwa sababu Merle anapenda kalunguyeye kuliko binadamu. Macho ya yule mnyama aliyang'oa akayashona upya mara kadhaa. Alisema yalikuwa yanamtazama vibaya.

"Ni siku gani hasa?" nikamuuliza.

"Wiki ya kwanza ya shule."

"Wiki ina siku saba, Jochen."

"Jumanne! Magharibi ni Jumanne. Hapo si ndipo nilipoungua? Unadhani naungua mara mbili?"

"Mpigie Ilka umuulize."

"Nimpigie nimwambie nini? Kwamba babako hata safari hii hajui siku? Aa, mama wewe, chunga nyanya zako."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Jochen aliiogopa Jumamosi kiasi cha kukimbilia Jumanne na kukaa juu yake.

Wakati huo wa kiangazi ndipo walipokuja watu wa sinema. Hapa Görlitz tumewazoea. Majumba yetu ya kale hayajabomolewa, kwa hiyo kila mwaka kuna mtu anafunga mtaa ili apige picha ya karne nyingine. Safari hii ilikuwa filamu ya kuchekesha, ya familia. Mama anakwenda kufanya kazi ng'ambo, baba anaachiwa watoto watatu, hajui hata kuwasha mashine ya kufulia. Nguo zote zinatoka za waridi, uji unaungua, mbwa anavalishwa nepi. Mwishoni, mtoto wa mwisho anaanza shule na baba anafika uani mbio, na ndara miguuni, jina likiwa linaitwa. Anawahi. Kwenye sinema baba huwahi siku zote.

Walitaka wazee wa kujaza ua ule. Walipoona masharubu ya Jochen wakampa nafasi yake mwenyewe: awe babu mmojawapo, amkabidhi binti mdogo koni na kumbusu kichwani, pembeni ya baba mwenye ndara. Mimi nikawekwa nyuma na sahani ya keki ya plamu ambayo tulikatazwa kuila.

Siku ya mazoezi wakatoa koni zao kutoka kwenye gari. Zilitoka Munich, fupi, za mviringo. Jochen akacheka mpaka akashika mbavu.

"Hizi ni za nini? Za kuzibia paa?"

Msimamizi wetu alikuwa binti anayeitwa Friederike, mwenye redio kiunoni na nywele zilizohitaji mkono wangu. "Bwana Mättig, ni koni za shule."

"Koni za shule za kwenu, binti yangu. Hapa ukimpa mtoto hiyo, ukoo wake unahama mji. Ngoja kesho nikuletee koni."

Nilimfinya. "Jochen, usithubutu. Ile ni ya Merle."

"Naazima tu. Jumatatu naisafirisha, Jumanne iko mikononi mwake. Waione basi! Watu wa Munich waone kazi."

Hiyo ndiyo tabia yake. Mtu ana kitu kimoja cha thamani duniani, na hawezi kukaa nacho bila kukionyesha.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Kwetu likizo ilikuwa bado haijaisha, na ile shule waliyopigia picha ilifungwa zamani, ina mti wa mlozi uani. Waliutundikia koni. Mwongozaji alipoiona ya Jochen akaichukua kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akasema hiyohiyo, hiyo itakuwa mbele. Jochen alivimba kwa sifa. Tukaambiwa tusiingie na simu, basi mimi nikapewa nafasi ya kukaa kivulini na koti lake na simu yake, maana keki yangu nayo ilikuwa imefutwa kwenye picha.

Wakaanza. Binti mwigizaji anaitwa, anakimbia, Jochen anainama, anampa koni, anambusu kichwani. "Tena!" Anakimbia, anainama, anampa. "Tena, jua limejificha!" Kila mara mtoto anaikumbatia koni na ncha yake inagonga mawe ya ua. Niliona ncha inaanza kupinda.

Simu ikaita mapajani mwangu. Ikaandika Ilka.

"Baba, uko wapi? Umefika karibu?"

"Ilka, ni mimi, Roswitha."

"Shangazi? Mmekuja wote? Jamani, vizuri! Mko wapi, mmekosa pa kuegesha? Njooni kwa mlango wa nyuma, wameshafika herufi ya J."

Nyuma yake nilisikia ngoma za watoto, na makofi.

"Ilka, mwanangu," nikasema, "leo ni leo?"

Ngoma zikaendelea.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Yuko hapa. Görlitz. Anajua ni Jumanne."

"Jumanne?"

"Kwa sababu ya Hesse. Anadhani Magharibi yote ni Jumanne. Mwanangu, aliogopa kukosea."

"Shangazi, hapa Hannover ni Jumamosi kama huko kwetu. Ndiyo maana sikumtajia siku. Nilisema Jumamosi ni siku moja ambayo baba yangu hawezi kuisahau tena maisha yake yote."

Niliing'ang'ania tu simu sikioni. Mimi, Roswitha, ambaye mdomo wangu hauna breki.

"Nilinunua ya akiba," akasema Ilka kwa sauti ndogo. "Iko ndani ya gari. Nimeomba njia nzima nisiitoe." Kisha nikasikia mtoto anauliza, karibu kabisa na simu, "Mama, babu kashafika?" na simu ikakatwa.

Nilisimama pale na koti la watu mkononi. Mbele yangu, chini ya mti, Jochen alikuwa anainama na kumpa binti wa watu koni ya Merle, na ua mzima unapiga makofi kwa amri. Alikuwa anacheka. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia dakika ile, wala kumhurumia.

Walipopumzika nikamwendea. Nilimwambia kwa maneno machache, maana marefu yasingetoka.

"Ni leo?" akasema.

"Ni leo. Sasa hivi. Wako herufi ya J."

"Magharibi ni Jumanne."

"Hesse ni Jumanne, Jochen. Hannover siyo Hesse. Ungeuliza! Ungeuliza tu, mtu wewe! Kuuliza kungekutoa kucha?"

Alitazama saa yake, akatazama lango la ua, kama vile Hannover iko nyuma ya lango. Uso wake ulizeeka nikiuona.

Friederike akaja mbio. "Bwana Mättig, mara moja tu, jua limekaa vizuri! Babu kwenye nafasi yake!"

"Mwache," nikasema.

"Hapana," akasema Jochen. "Acha nimalize. Nikitoka sasa nawahi nini?"

Akarudi chini ya mti. Jina likaitwa, binti akakimbia, Jochen akainama, akampa. Ila safari hii hakumwachia. Alimshika yule mtoto kichwani na machozi yakamtoka, yakaingia kwenye masharubu. Binti wa watu akashtuka, kisha, kwa kuwa ni mtoto mwema, akamfuta shavu kwa kiganja. Mwongozaji aliposema inatosha, naye alikuwa anapenga kamasi. Akamkumbatia Jochen akamwambia hajapata kuona mtu anayeigiza hivyo bila kufundishwa.

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Kwa Jochen yalimtangulia yakamsubiri shuleni.

Jumapili nilimwendesha mimi mpaka Hannover. Mikono yake isingeweza usukani. Alikaa na ile koni magotini njia nzima, akiinyoosha ncha kwa kidole gumba, nayo inarudi kupinda. Tulifika saa ya kahawa.

Nilitamani Ilka amtukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimeyapangia majibu. Hakutukana. Alitukaribisha, akamimina kahawa, akakata keki iliyobaki ya jana. Ukutani alikuwa ameshabandika picha: Merle amekumbatia koni nyekundu ya dukani, anacheka, jino moja halipo. Ilikuwa picha nzuri kabisa.

Merle alipokea koni ya buluu kwa adabu. Akamgusa kalunguyeye machoni.

"Asante, babu. Mbona imepinda huku chini?"

Jochen alifungua mdomo. Ningekuwa mimi ningedanganya, ningesema garini, ningesema mlangoni. Yeye akasema, "Ilishikwa na mtoto mwingine."

"Nani?"

"Mtoto wa sinema."

"Aa," akasema Merle. Akaifikiria kidogo. "Mimi ninayo nyingine tayari. Hii nitaiweka kwenye kabati." Akaenda nayo chumbani, akarudi mikono mitupu, akaendelea na keki yake.

Jochen alinywa kahawa amekaa kwenye ukingo wa kiti. Koti mwilini. Safari hii Ilka ndiye aliyesema, "Baba, vua koti," na yeye akasema hapana, tunaondoka sasa hivi. Ningempiga.

Mlangoni alijaribu. Nilimwona anajaribu. "Ilka, mimi… ilikuwa kosa langu. Siku ile pia. Ya zamani. Ilikuwa kosa langu."

Neno alilolingoja tangu akiwa na miaka sita. Nilimtazama Ilka nione linafika wapi. Alimwekea baba yake kola ya koti vizuri.

"Sina hasira, Baba," akasema. "Hasira niliimaliza zamani. Ila tusiahidiane tena kitu, sawa? Ukija, umekuja. Usipokuja, hatukungoji."

Alimbusu shavuni, akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza. Tangu siku hiyo Ilka hajapiga mwenyewe, wala Jochen hajaenda. Siku za kuzaliwa Jochen ndiye hupiga, wakaulizana hali ya hewa.

Filamu ilitoka majira ya kuchipua. Mji mzima ulikwenda kuitazama, kila mtu anatafuta kisogo chake. Jochen alimwalika Ilka, na Ilka akajibu kwa upole kwamba wana wageni. Nilikaa naye mstari wa katikati. Watu walicheka nguo za waridi, walicheka mbwa na nepi yake, mwanamke wa duka la mkate, Gudrun, nyuma yetu alicheka mpaka akakohoa. Jochen hakucheka, alikaa ameshika kofia.

Kisha ua ukatokea, na mti, na baba wa ndara anakuja mbio, na pembeni yake mzee mwenye masharubu anampa binti mdogo koni ya buluu na kalunguyeye ubavuni, anamshika kichwa na kulia, na mtoto anamfuta shavu. Ukumbi mzima ulifanya "ooo." Wengine walipiga makofi.

Gudrun akainama mbele akamgonga begani. "Jochen, umeniliza, shetani wewe! Na hako katoto kazuri hivyo, ni mjukuu wako?"

Nilijiandaa kujibu badala yake, kama kawaida yangu. Aliniwahi.

"Ndiyo," akasema bila kugeuka. "Anaitwa Merle."